Siku Niliyowang'oa Wagonjwa wa Namba Tatu

Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na tisa, kwa hiyo chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Nimepima mbegu za nyanya kwa misimu mitatu, tangu likizo ya kidato cha tatu hadi wiki iliyopita nilipokabidhi buti, kalamu, na ile kofia ambayo hakuna anayejua ilianza kuwa ya nani. Jumatatu nakwenda chuo. Kaka Deo, fundi wa shamba letu la majaribio, aliniambia, "Asumini, waandikie hao wadogo wawili wa kidato cha pili ukurasa mmoja. Namna ya kutoa alama, basi." Ukurasa mmoja uliisha nikiwa bado nawasalimia. Mnanijua: kwenye kuongea mimi ni sifuri. Darasani nilikuwa najua jibu na bado namwomba Mungu nisiulizwe. Lakini daftarini sijawahi kunyamaza. Vumilieni.

Kazi yetu ni kualika ugonjwa. Nimeandika sawasawa, msirudie kusoma. Watu wote wa bonde hili wanaufukuza, sisi tunaukaribisha na kuuandalia kiti. Ugonjwa wenyewe ni ule tunaouita rasta. Majani ya juu yanajikunja na kuwa ya njano pembeni, mche unadumaa, kichwa chake kinasokotana kama nywele zilizogombana na kitana, na maua yanadondoka kabla ya kuzaa. Ni kirusi, na anayekibeba ni inzi mweupe, mdogo kuliko chembe ya mchele, anayejificha chini ya jani. Mche ukishaupata, hakuna dawa ya kuuponya. Kilichobaki ni kutafuta mbegu inayoweza kuumwa na bado ikaenda kazini. Kaka Deo atawaeleza ukinzani kwa maneno marefu na mchoro ubaoni, lakini mkisahau yote kumbukeni hilo: si kwamba haumwi, anaumwa na anazaa.

Mbegu zinatufikia katika pakiti zisizo na jina, namba tu, moja hadi sita. Kila namba tunaipanda sehemu tatu tofauti za shamba, mstari wa miche kumi na miwili kila sehemu, isije ikaangukia udongo mzuri upande mmoja ikajifanya hodari. Halafu kuzunguka shamba lote tunapanda nyanya ya zamani, ile inayougua hata ikitazamwa vibaya. Hiyo tunaiita ukingo. Kazi ya ukingo ni kuugua mapema na kuwagawia wenzake. Dawa ya wadudu hatupulizi kabisa.

Nilipomweleza Bibi yangu haya mara ya kwanza, aliacha kupepeta mchele.

"Yaani mnalima wagonjwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mnaisaidia mimea iugue?"

"Ndiyo."

"Na serikali inajua?"

Siku alipopita kitaluni akaona miche imefunikwa neti, akashika kiuno. "Mke mwenzangu," ndivyo anavyoniita, maana marehemu Babu aliniita mke wake nikiwa natambaa, "nyanya nazo siku hizi zinaugua malaria?"

Sasa, msidhani tulikuwa tunacheza. Kule chini mtoni kuna kikundi cha wakulima wanaouza nyanya sokoni Kilwa Masoko, na nyingine zinapanda boti kwenda Songo Songo. Mwenyekiti wao ni Bi Somoe. Mama mrefu, mwenye sauti ambayo haihitaji simu. Rasta ilikuwa imewamaliza misimu miwili mfululizo. Mara ya pili wakang'oa shamba zima kabla hata nyanya moja haijaiva. Bi Somoe alikuja kwetu akasema mbele ya watu, "Nitapanda mara moja tu tena. Nipeni mbegu moja. Nikiugua tena, nyanya basi, nawarudisha wanangu kwenye korosho na kila mtu ashike njia yake." Kwa hiyo kila tulichoandika kwenye karatasi kilikuwa kinamsubiri yule mama. Ile namba tutakayomtajia, ndiyo hiyo atakayopanda bonde zima.

Ngoja kwanza niwaambie nilivyoanza vibaya, ili mjue mnaanza kutoka wapi.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kupendeza. Nilivaa kanga mpya ya Bibi, ya njano kama ute wa yai la kienyeji. Hakuna aliyeniambia kwamba inzi mweupe anaipenda rangi ya njano kuliko kitu chochote duniani. Nilitembea ukingo mzima nikihesabu miche, najisikia mrembo. Kisha nikaingia kitaluni, ndani ya neti, kule ambako miche michanga inalindwa isipate hata inzi mmoja mpaka siku ya kuhamishwa. Kaka Deo alikuwa ndani anamwagilia. Aliniangalia kifuani, akaniangalia mgongoni, akaweka ndoo chini taratibu.

"Usitikisike," akasema.

Nikadhani nyoka.

"Umekuja na harusi nzima."

Kanga yote ilikuwa na vidoti vyeupe, na vidoti vilikuwa vinatembea. Tulilazimika kupanda mbegu upya trei nne. Kaka Deo ni Mmatumbi wa kule milimani, Kipatimu, na huwa hagombi. Anapika adhabu polepole kama maharage. Wiki nzima alikuwa akiniona ananisalimia, "Bibi harusi hajambo?" Ile kanga Bibi aliichana, akapaka grisi vipande, tukavitundika kwenye vijiti shambani kunasia inzi. Vilinasa sana. Kanga ya watu.

Basi, somo la kwanza: njano hapana. Hata ndala za njano. Hata kibanio cha nywele.

La pili, ambalo Kaka Deo alitaka liwe ukurasa wote: kutoa alama. Nendeni asubuhi umande haujakauka, inzi wana baridi na hawaruki. Kaeni jua liwe mgongoni, kivuli chenu kiangukie mche, kwa sababu jua kali linafanya kila jani lionekane la njano na mtamwonea mtu bure. Angalieni kilele, si majani ya chini; ya chini yanazeeka tu, kama sisi wastaafu. Sifuri ni mzima. Moja, pembeni mwa jani pameanza njano. Mbili, jani linajikunja kama kijiko. Tatu, mche umedumaa. Nne, rasta kamili, hakuna tunda. Mmoja anatazama, mwingine anaandika, na anayetazama asitajiwe namba ya mstari. Ukijua huu ni mstari wa namba unayoipenda, jicho linaanza huruma. Mimi niliipenda namba tano tangu ikiwa na majani mawili, sijui kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa fupi na haikujionyesha. Nilijikamata mara mbili nikitaka kuipa sifuri mahali pa moja.

Na nyanya zenyewe lazima zipimwe ugumu wa ngozi. Kaka Deo anaziachia kutoka usawa wa goti zidondoke juu ya ubao, halafu anapakia tenga kwenye bodaboda na kumwambia dereva apite ile barabara mbovu, si nzuri. Mkisikia watu wanasema tunachezea chakula, nyamazeni. Nyanya ya kwenda Songo Songo inapigwa na pikipiki, inapigwa na wapagazi, halafu inapigwa na bahari. Ikifika imepasuka, mpishi wa kule haulizi kama ilikuwa sugu.

Haya. Sasa msimu wa pili.

Msimu wa pili rasta ilikubali mwaliko. Ukingo wote ulikuwa umejikunja, na ndani namba nyingine zilianza kuanguka. Wiki tatu kabla ya wageni tulipotoa alama, tofauti ilikuwa ndogo, bado mapema. Alama za mwisho, zile kubwa, tulipanga kuzitoa asubuhi ileile ambayo kikundi cha Bi Somoe kingekuja kuona na kuchagua. Siku mbili kabla, Kaka Deo akaenda Lindi kuchukua mizani. Akaniachia shamba. Maneno yake ya mwisho, akiwa tayari amepanda bodaboda: "Asumini, mwagilia. Palilia njia. Mche wowote usiuguse."

Sitajitetea. Nilimsikia vizuri.

Lakini siku moja kabla ya wageni, saa nne asubuhi, nilisimama pale penye lango nikaangalia shamba kama mgeni atakavyoliangalia. Jamani. Lilikuwa baya. Ukingo ule umesinyaa, mistari ina vichwa vimesokotana, matunda mengine kama gololi. Na wanaokuja ni watu wazima, wakulima, watu ambao nikikutana nao njiani nainamisha uso. Watauliza nani anatunza hapa. Bakari atakuwepo. Bakari ni yule mkulima wa kikundi mwenye maneno mengi, ambaye kila akiniona anavua kofia na kusema, mtu mzima na ndevu zake, "Shikamoo, mwanasayansi!" ili watu wacheke nami nitafute shimo la kuingia. Nikamwona akilini mwangu amesimama kwenye ukingo wangu anacheka mpaka anakaa chini.

Bibi alikuja kuniletea uji. Akaangalia shamba, akaangalia uso wangu.

"Kesho ndiyo wageni?"

"Ndiyo."

"Na watakuta hivi?"

"Kaka Deo kasema nisiguse."

Bibi akasonya kidogo, bila ubaya. "Kaka Deo mwanaume. Mwanaume akiletewa mgeni anaangalia kiti kipo. Mgeni akija kwako na kuna mgonjwa, unamlaza chumba cha ndani, unafagia, unafukiza udi. Humwachi mlangoni na matapishi yake."

Nikasema, "Labda nitoe wale wabaya sana tu."

Mmewahi kuanza kutoa wabaya sana? Mkitoa wabaya sana, wale wabaya kidogo ndio wanakuwa wabaya sana. Niliung'oa ukingo wote. Kisha nikaingia ndani ya mistari. Kilichosokotana, nikang'oa. Kilichodumaa, nikang'oa. Na kijiti chake nikang'oa, kisibaki kimesimama peke yake kama mtu aliyefiwa. Bibi akanisaidia kusawazisha matuta kwa mikono yake mwenyewe, na ile miche iliyobaki, matawi yake tukayalaza kidogo kujaza mapengo. Mizoga yote tukaitupa shimoni, mchanganyiko, tukafukia. Alasiri nikafagia njia kwa chelewa. Nikarudi pale langoni.

Lilikuwa shamba zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Kijani tupu. Niliandika daftarini, na aya hiyo bado ipo: "Leo nimejivunia kazi yangu." Nimeipigia mstari.

Asubuhi Kaka Deo alishuka kwenye gari moja na wageni, kwa sababu bodaboda yake ilipata pancha na Bi Somoe akamchukua njiani. Hakupata nafasi ya kufika kabla yao. Watu kumi hivi, wanawake kwa wanaume. Shikamoo zangu nilizitoa zote kwa mkupuo, kwa sauti ya sisimizi. Kaka Deo alipofika langoni alisimama. Akanivuta pembeni kwa macho.

"Asumini. Ukingo uko wapi?"

"Nimefagia."

Akaangalia mistari, akaangalia wageni. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Ndani hujagusa?"

Na hapo, wadogo zangu, nilifanya kosa kubwa kuliko la kung'oa. Nilitikisa kichwa. Nilikataa.

Wageni walikuwa wameshaingia. "Maashallah!" nikasikia sauti ya Bi Somoe. "Hizi ndizo nyanya!" Walikwenda mstari kwa mstari wakifunua majani, na kila jani lilikuwa zima, maana magonjwa yote yalikuwa shimoni. Kaka Deo anajaribu kusema, "Jamani, subirini, leo ukingo haupo, kwa hiyo hatuwezi..." lakini nani anasikiliza ukingo mbele ya nyanya nyekundu? Na waliposimama namba tatu, wakasimama kabisa. Miche ya namba tatu ilikuwa imetandaza matawi tuta zima, imeshiba maji na mbolea ambayo wenzake waliodumaa hawakuigusa. Matunda kama ngumi. Bakari alichuma moja, akafuta kwenye shati, akang'ata, juisi ikateremka ndevuni.

"Tatu," akasema. "Mimi nimeoa hapa."

Bi Somoe akaiminya moja. Akaitikisa karibu na sikio, sijui alitegemea kusikia nini. Akageuka kwa watu wake. "Tunakubaliana? Namba tatu, bonde zima?"

"Tatu!" wakasema.

Kaka Deo alikuwa anafunua karatasi za wiki tatu zilizopita, anakuna kichwa. Namba tatu ndiyo iliyokuwa imeanza kuyumba wakati ule. Alikuwa anaona kitu hakikai sawa, lakini hakuwa na ushahidi; alikuwa na neno langu tu, na neno langu lilikuwa kile kichwa nilichotikisa. Mtu pekee duniani aliyejua namba tatu imelala wapi nilikuwa mimi. Bibi pia, lakini Bibi alikuwa nyumbani anapika pilau ya wageni.

Nilijaribu kuongea. Nawaapia, nilifungua mdomo. Ikatoka pumzi. Nilikuwa namwangalia Bi Somoe, mikono yake ile, na nafikiria bonde lote la mto limejaa namba tatu, limesokotana, na yeye amesimama katikati. Miguu yangu ikanichukua mpaka bandani. Huko kulikuwa na kamba ya kupandia, ya mkonge, ina fundo kila mahali mche unapotakiwa kuingia. Tulipanda nayo mistari yote, fundo moja mche mmoja, mafundo kumi na mawili. Nikatoka nayo nikiwa nimeikumbatia, nikapita katikati ya watu wazima bila hata kusema samahani, nikapiga magoti penye kibao cha namba tatu. Nikafunga ncha moja kwenye kibao, nikaivuta mpaka mwisho wa tuta, nikaikaza.

Wote wananitazama.

"Mwanasayansi," Bakari akaanza, "shika..."

"Nyamaza, Bakari," Bi Somoe akasema. Akainama kwangu. "Hii kamba ya nini, mwanangu?"

"Hesabuni," nikasema. Nilikuwa naongea na kamba, si na yeye. "Hesabuni mafundo. Yale yasiyo na mche."

Bi Somoe akachukua fundo la kwanza kwa vidole. Mche upo. La pili, udongo. La tatu, udongo. La nne, udongo. Akainua matawi yaliyolazwa, chini pakaonekana pameparazwa na viganja. Akaenda hivyohivyo mpaka mwisho, anahesabu kwa sauti, na sauti inazidi kupungua. Mafundo kumi na mawili, miche minne.

"Wengine wako wapi?"

"Shimoni. Walikuwa na rasta. Niliwang'oa jana." Halafu nikalia, kwa hiyo yaliyobaki yalitoka yamelowa machozi: "Niliona haya. Nilitaka mkute pazuri."

Bakari aliitazama ile nyanya mkononi, imebaki nusu.

"Kumbe nimekula mali ya yatima," akasema.

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa, na mara wote wakawa wanacheka, isipokuwa watu watatu. Mimi, Kaka Deo, na Bi Somoe. Bi Somoe alibaki ameshika fundo la mwisho. "Mimi nilikuwa nimeshasema tatu," akasema polepole. "Mmenisikia? Nilikuwa nimeshasema."

Tulipima mistari yote kumi na minane kwa kamba ile. Namba mbili ilikuwa na mapengo mengi pia. Namba tano ilikosa mmoja hapa, wawili kule. Nikadhani nimeokoka: mapengo yamesema, tano imeshinda, hakuna kilichoharibika. Nikamwangalia Kaka Deo.

"Hapana," akasema. "Pengo linaniambia mche haupo. Haliniambii ulikuwa na nini. Jana uling'oa rasta tu? Hakuna uliokuwa umenyauka kwa sababu ya udongo? Hakuna uliokatwa na funza?"

Nilikumbuka miwili mitatu iliyonyauka tu. Niliing'oa kwa sababu ilikuwa mibaya.

"Basi naweza kuwaambia msipande tatu, karatasi zinaonyesha ilishaanza kuyumba," akawageukia wageni. "Ya kupanda siwezi kuwatajia. Mpaka turudie msimu mzima."

Hapo kicheko kilikauka. Msimu mzima, kwa mtu aliyesema mara moja tu tena. Bi Somoe alifunga upya kilemba chake, akaingia garini, hata pilau ya Bibi hakugusa. Bibi alipoambiwa sababu alifunika sufuria, akasema, "Udi wangu umewafukiza vibaya," na pilau tukala sisi siku mbili.

Kaka Deo hakunifukuza. Alinipa karatasi ya matokeo na kalamu. Kuna safu pale mwisho imeandikwa Maelezo, mtaiona. Akasema niandike mwenyewe, kwa wino, na nisifupishe. Niliandika mbele yake: Miche hii iling'olewa na msaidizi siku moja kabla ya wageni kwa sababu aliona aibu, alipoulizwa alikataa. Mara kumi na nane, mstari kwa mstari. Karatasi hiyo ilikwenda mpaka kwa wanaotutumia zile pakiti za mbegu. Ipo katika faili la kijani bandani, mkitaka kunicheka mnayo ruhusa.

Kisha akanipa adhabu yenyewe, iliyokuwa imeiva taratibu: kuanzia siku hiyo, kila mgeni anayekuja, mimi ndiye wa kumpokea. Si yeye. Mimi. Na lazima nianze na mche mbaya kuliko yote shambani.

Mnajua nilivyo. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori aliyeomba maji, nikampeleka kwanza kuona mche wa alama nne. Alikunywa maji haraka sana. Wa pili walikuwa wanafunzi, hao walikuwa afadhali. Kufikia wa kumi nilikuwa nimegundua jambo ambalo nawapa bure: mtu mwenye haya anaweza kuongea akiwa na kitu mkononi cha kuonyesha. Shika jani. Macho ya watu yanakwenda kwenye jani, wewe unabaki nyuma yake unaongea kwa raha zako.

Bi Somoe msimu ule alilima bamia. Nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. Sikujua kama atarudi. Kaka Deo alisema hajui. Bakari alikuwa akija mara mojamoja, anachungulia juu ya uzio, "Mwanasayansi, wagonjwa hawajambo?" namjibu, "Wanaendelea vibaya, alhamdulillahi," na huo ndio ulikuwa mwanzo wa mimi kumjibu Bakari.

Msimu wa tatu, ambao ndio umeisha, tulipanda upya vilevile, namba zilezile sita, isipokuwa mistari tuliichanganya mahali pengine. Ukingo uliugua vizuri sana. Sikugusa hata jani lililodondoka. Siku ya wageni ilipofika, gari likasimama, na aliyeshuka wa kwanza alikuwa Bi Somoe.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Wagonjwa hawajambo?"

"Ukingo wamekufa karibu wote. Karibuni, tuanze nao."

Niliwaonyesha. Nilishika jani, nikasema. Namba tatu ilikuwa imesokotana mwanzo hadi mwisho. Bakari aliiangalia akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mchumba wa zamani. Tulipofika namba tano, Bi Somoe alininyamazisha kwa mkono. Hakutaka maelezo. Akaingia ndani ya tuta mwenyewe, akainama, na akaanza kuhesabu mche mmoja mmoja, akigusa shina la kila mmoja kwa kidole, kumi na mbili. Akavuka kwenda mstari wa pili wa namba tano, kule upande wa pili wa shamba, sote tunamfuata. Kumi na mbili. Mstari wa tatu akasimama penye mche uliokauka.

"Huu?"

"Mnyauko wa udongo, si rasta. Ukiupasua shina utaona ndani pamekuwa kahawia. Upasue."

Akaupasua. Kahawia.

"Na huu wenye njano kidogo?"

"Huo una rasta. Alama moja. Una matunda ishirini na moja."

Akayahesabu. Yalikuwa ishirini na mawili, moja lilikuwa limejificha. Nikasahihisha karatasi.

"Ndogo," Bakari akasema, ameshika nyanya ya namba tano. "Na ngozi ngumu. Hii mtu anaila na meno ya kukopa."

"Ndiyo itakayofika Songo Songo," Bi Somoe akamjibu bila kugeuka. Aliinuka, mkono mmoja kiunoni kwa maumivu ya kuinama, akajipangusa udongo kwenye magoti. Watu wake walikuwa wamesimama nyuma, wakimsubiri yeye. Alinitazama mimi, si Kaka Deo.

"Mbegu zake zinapatikana lini?"

"Mwezi ujao," nikasema.

"Sema kwa nguvu," akasema, "na wale wa nyuma wasikie. Wao ndio watakaoinua matuta."

Nikasema.